Kopo la Nyuzi

Cherehani aliiacha mume, pamoja na deni:
rupia arobaini na tano kwa Bohora wa sokoni.
Yeye akapanda gari moshi kwenda Mombo
kutandika reli. Alisema wiki mbili.
Msikiti ukapakwa chokaa mara mbili, hajarudi.

Ngamiani ya wakati wa Mdachi,
mwanamke alidarizi kofia chumbani, usiku,
mwanamume akaiuza mchana.
Cherehani ilikuwa ya barazani,
na baraza ilikuwa na wenyewe.

Bibi yangu, Mwanamvua binti Mbaruku,
aliiburuta peke yake
kutoka ukumbini hadi kizingitini,
akatua, akakaza leso kiunoni,
akamalizia hatua tatu zilizobaki.
Tatu tu. Mtaa mzima ulizihesabu.

Kilichowaudhi si mikono.
Mikono ya mwanamke waliizoea, ndiyo iliyowalisha.
Kilichowaudhi ni miguu:
lile kanyagio, juu chini, juu chini,
mchana kweupe, watu wakienda kuswali.
Fundi Shebwana wa nyumba ya tatu alisema
mke wa mtu hachezi ngoma akiwa amekaa.
Jioni vijana wake wakapita wakighani:

*Tumeona la ajabu, mwanamke barazani,*
*Amekalia taabu, chuma kiko miguuni,*
*Waulizeni mababu, lilipata kuwa lini?*
*Tunangojea jawabu, nani mume wa nyumbani?*

Hakunyanyua uso. Alikata uzi kwa meno,
akajibu kama mtu anayehesabu vifungo:

*Jawabu si la kitabu, liko hapa sindanoni,*
*Mume kakimbia tabu, deni kaacha mezani,*
*Anayetaka hesabu, na alipe mkononi,*
*Kanzu haina aibu, aibu iko shingoni.*

Wakaenda zao.
Mwezi mzima hakupata hata kiraka.

Mteja wa kwanza alikuwa mtoto mwenye kikapu,
na chini ya mihogo, kanzu kuukuu ya babake.
"Mama kasema ushone nyingine kama hii,
ila shingo uipanue, baba amenenepa."
Kesho yake kikapu kingine. Kesho kutwa viwili.
Wake walikuwa wamekwisha kupitishana neno kisimani.

Kumgusa mwanamume asiye wake, haikuwa.
Namba za futi hakuzijua.
Aliwapima kwa macho Ijumaa wakipita,
akafunga mafundo kwenye uzi:
fundo la bega, fundo la kiganja,
fundo pale pindo linapobusu kisigino.
Kila mwanamume na uzi wake.
Akawatia koponi, akafunika.

Kisha usiku wa kuamkia Idi, mwezi umeandama,
mkanda wa mashine ya Fundi Shebwana ukakatika
na kanzu tisa za watu hazina mikono.
Akaja na furushi kwapani, kwa nyuma,
akipenya baina ya vinu na mapipa ya maji,
akabisha hodi kwa sauti ndogo mno.

Bibi alitoa kichwa.
"Huku uani, fundi, hupita wanawake.
Kazi napokea barazani."

Akazunguka.
Taa za mtaa zote zilikuwa zimewashwa,
watu nje, watoto wamepakwa hina, hakuna aliyelala.
Alipofika alivua viatu. Kwa nini, sijui.
Akakaa jamvini, akawa anamtungia sindano
yeye akishona, hadi adhana ya alfajiri.
Usiku ule hakuna aliyeghani.

Kopo ninalo. La biskuti, kutu imelila kifuniko.
Nyuzi zimo hamsini na kitu,
mafundo yamekauka kama mbegu za papai.
Wanaume wa Ngamiani wote wamo humu
na sijui nani ni nani.

Mmoja hauna fundo hata moja.
Nilimuuliza mama.
"Huo wa babu yako," akasema.
"Hakusubiri kupimwa."